Jalada Lenye Taji

Kwenye meza yangu ya kuandikia, kushoto kwa taa, kuna kasha lenye umbo la kitabu. Ngozi yake ni nyekundu, wekundu wa divai iliyokaa, na katikati pana taji la dhahabu juu ya maua matatu ya yungiyungi. Wageni hulishika kwa mikono miwili. Mhariri mmoja aliwahi kuniambia kwamba kitu hicho kinaonyesha mimi ni mtu wa namna gani, nami sikumsahihisha, kwa sababu alikuwa amesema kweli bila kujua. Ndani mna miwani iliyovunjika mkono, vidonge vya presha, na kadi za watu nisiowakumbuka. Kwa karibu miaka ishirini nimewaambia wageni kwamba kurasa zake zililiwa na mchwa. Mchwa ni mimi.

Mwezi uliopita Otieno, niliyeishi naye chumba kimoja enzi za Dubai, alinipigia simu kutoka huko huko. Yeye hakurudi. Siku hizi anaishi Jumeirah Village Circle, ana mke, ana gari, na ana bwawa la kuogelea ambalo hulitazama tu kutoka roshani kwa sababu hajawahi kujifunza kuogelea. "Fada," akasema, na kabla hajaendelea nilijua ni msiba, maana Otieno huniita Fada kwa namna mbili, ya kunicheka na ya kunipa habari mbaya, na hii haikuwa ya kunicheka. "Konso ametuacha. Wanamzika Jumamosi, huko kwao Kitui. Binti yake anasema kuna maagizo. Ati wewe ndiye utasoma." Nikamwuliza kusoma nini. "Sasa mimi nitajua aje? Si wewe ndiye Fada?" Alipokata simu nilibaki nikilitazama kasha, na kile kinyaa cha zamani kikanipanda kooni, kikiwa na ladha ileile: gundi ya mifupa iliyopashwa moto.

Jina la Fada nililipata kwa sababu nilisoma seminari ndogo miaka minne, nikatoka na cheti, na Kilatini cha kuombea maji, na mazoea ya kukunja mikono tumboni ninapotaka kuonekana mwema. Baadaye nilisoma historia chuo kikuu. Historia ikanipeleka Dubai kuwa bawabu. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, mji mzima ukinuka saruji mbichi, nami nilisimama mlangoni mwa duka la Madam Sabine, Oud Metha, ghorofa ya pili, juu ya kliniki ya meno, nikiwa nimevaa koti ambalo mabega yake yalikuwa ya mtu mwingine aliyekuwa na bahati zaidi maishani. Harufu ya karafuu ya daktari wa meno ilipanda ngazi ikakutana na marashi ya Madam hapo nilipokuwa nasimama, na kwa miezi mingi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya ustaarabu.

Madam alipamba nyumba za matajiri. Aliuza vioo, mapazia, viti ambavyo mtu hakutakiwa kuvikalia, na aliuza vitabu. Hakuviuza kwa jina la kitabu wala kwa lugha. Aliviuza kwa mita. Mteja alipima rafu zake, akasema anataka mita nne za kahawia na mbili za kijani, na makasha yakaja kutoka Ulaya yamejaa vitabu vya sheria, vya mahubiri, vya kilimo cha zabibu, vyote vimevaa ngozi. Vilivyokuwa vinene kuliko rafu vilikatwa upande wa nyuma kwa msumeno. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilishtuka. "Hakuna anayesoma, habibi," Madam akaniambia, kwa upole kabisa, kama daktari anayemweleza mgonjwa. "Wanataka mgongo tu." Mara ya pili nilishika ncha ya kitabu ili kisiteteme. Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo. Kwa kuwa niliweza kusoma majina yaliyokuwa mgongoni, Madam alinitoa mlangoni akaniweka kwenye makasha, kuvipanga vitabu kwa rangi na kuhakikisha haviwekwi juu chini.

Consolata alisafisha jengo lile lote, kliniki na duka. Aliajiriwa na kampuni ya usafi, alivaa sare ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na tulimwita Konso. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, tulikutana kwenye misa ya Oud Metha, kisha wachache wetu tukaenda chumbani kwetu, mimi na Otieno, kwa sala ya jumuiya. Nasema chumbani, ingawa ilikuwa nyumba ya vyumba viwili iliyogawanywa kwa plaiwudi hadi ikawa mizinga minane. Tulikaa juu ya vitanda kama kuku. Otieno alikaanga samaki dirisha likiwa limefungwa kwa sababu majirani walishalalamika, na moshi ukatuingia nywelani. Konso aliongoza nyimbo, akachota githeri, akapanga watu. Sauti yake ilikuwa nene, ya kuitia ng'ombe, na hakuwa na subira na mtu mwenye haya. "Fada, soma Injili, na usisome kama mtu anayetangaza wafu kwenye redio." "Lakini si ndiyo sauti yake pekee," Otieno akadakia. "Alifukuzwa seminari kwa kuwalaza maaskofu usingizi." Sikufukuzwa. Niliondoka mwenyewe. Lakini nilipenda kudhaniwa kwamba nilifukuzwa. Ilionyesha kwamba kulikuwa na cha kupigania.

Kitabu chenye taji kilikuja ndani ya sanduku la vitabu vyekundu. Konso ndiye aliyekiona kwanza. Alikuwa anapangusa vumbi juu ya meza, akaacha kitambaa. Alikuwa amejifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena, na hata hivyo alikifunua kwa ncha ya kidole. "Hiki ni cha kanisa," akasema. Nikasogea. Kilikuwa kitabu cha sala cha Kikatoliki, kidogo kuliko nilivyotarajia, unene wake kama mkate wa nusu. Ngozi ya mbuzi laini, taji, maua matatu, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu ambayo ilikuwa imefifia pale vidole vilipozoea kushika. Ndani, Kilatini cha herufi kubwa, na hapa na pale ukurasa wenye picha iliyochongwa kwa mistari myembamba. Kilinuka nta na kabati na mikono ya watu. "Kimebarikiwa?" Konso akauliza. Nikasema labda. "Labda ni nini? Kitu hubarikiwa ama hakibarikiwi." Kisha, bila kungoja, akaniambia habari za mama yake. Mama yake alifundishwa na wamisionari wa zamani, kabla misa haijaanza kusomwa kwa Kikamba na Kiswahili, na hadi uzeeni alijibu kwa Kilatini kutoka benchi la nyuma, peke yake, kwa sauti, na mapadri wote waliopita parokiani walijifunza kumwachia nafasi. "Hajui maana hata ya neno moja," Konso akasema. "Anasema Mungu anajua, inatosha. Angekiona hiki angepiga magoti hapa hapa kwenye vigae, na mimi ningemwambia, mama, ngoja nikaushe."

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimeisimulia kwa namna nyingi, kila mara nikijitoa kidogo. Wiki hiyo hiyo alikuja mteja, mtu mwenye nyumba mpya na viatu vyeupe bila soksi. Alipita mbele ya vitabu vyekundu kama mtu anayepita mbele ya mboga. Madam alimwonyesha mita, akakubali, khalas, walikuwa wanageuka kuondoka. Kitabu cha sala kilikuwa katikati ya wenzake, mgongo nje, na kama ningefunga mdomo kingekwenda kukaa kwenye rafu ya mtu yule, kizima, kisomwe na vumbi tu, hadi siku moja kipate mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Mtu aliyesoma na hana wa kumwonyesha ni kama mwenye kikohozi kanisani. Nikakohoa. Nikasema, "Samahani, sir, hicho kina nembo ya kifalme." Nikakitoa. Nikaeleza taji. Nikaeleza maua. Nikaeleza kwamba ufungaji wa namna hii haukuwa wa watu wa kawaida, kwamba huenda kilishikwa katika kanisa la ndani ya ikulu, na nikasoma mstari mmoja wa Kilatini kwa sauti ya redio. Mteja alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile mtu alinitazama usoni kwa dakika nzima. "Hiki," akamwambia Madam, akigonga taji kwa ukucha. "Hiki nakitaka kwa sigara zangu."

Madam alikuwa na biashara ndogo pembeni: vitabu vilivyotolewa matumbo vikafanywa makasha. Ya rimoti, ya chokoleti, ya funguo. Hadi siku hiyo vilikuwa vitabu ambavyo hakuna aliyejua ni vya nini. Mteja alipoondoka Madam alinishika bega. "Umeona? Hadithi ndiyo inayouza. Nitakuchapishia kadi." Na kweli, kesho yake alinionyesha kwenye kompyuta: jina langu, na chini yake, Mshauri wa Urithi. Naona aibu kusema kwamba nililisoma mara nne. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilikuwa nimelala chini ya miguu ya mtu kwa mwaka mzima, na nilitaka kadi ile kuliko nilivyowahi kutaka upadri.

Jumatatu iliyofuata Konso alifika kazini akiwa na macho kama vidonda. Mama yake alikuwa amefariki. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye sefu ya kampuni, na arbab, yaani tajiri mwenye kampuni na ufunguo, alikuwa amesafiri, na msimamizi alimwambia inshallah kwa namna ile inayomaanisha hapana. Wangemzika mama Ijumaa. Nilimkuta chumba cha ndoo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakamua kitambaa kilichokwisha kukauka. Hakulia mbele yangu. Alikuwa na mpango. "Mama alisema atazikwa kwa Kilatini," akasema. "Na padri wa sasa ni kijana, hajui, amesema pole. Kaka yangu amekodi spika. Nitampigia, ataweka simu kwenye maikrofoni, na wewe utasoma kutoka hapa. Ile sala ya wafu imo mle kitabuni, mimi niliiona, kuna picha ya Lazaro." Nikamwambia kwamba sala hiyo ingepatikana mtandaoni, tungeichapisha. Akanitazama kana kwamba nimependekeza mama yake azikwe kwenye katoni. "Fada. Mimi siwezi kwenda. Siwezi kumwosha, siwezi kumtupia hata udongo. Nataka asomewe kutoka kwa kitabu kizuri. Kitu kimoja kizuri. Utakileta?" Nikakunja mikono tumboni. Nikasema nitakileta.

Niliamini nitakileta. Nilijiambia kwamba kazi ya kasha itangoja wiki ijayo, kwamba nitakiazima Alhamisi jioni na kukirudisha Jumamosi, kwamba nitamwomba Madam wakati mzuri. Wakati mzuri haukuja Jumanne, na Jumatano Madam aliumwa kichwa. Alhamisi asubuhi mteja akapiga simu: ana wageni wikendi. Kitabu kikapelekwa karakana ya nyuma, kwa Rafiq.

Rafiq alikuwa seremala kutoka Peshawar, mzee wa ndevu zenye hina, mtu aliyekata vitabu vya sheria siku nzima huku akinung'unika nyimbo. Nilimkuta amekishika kitabu kwenye kiganja, hakijafunuliwa. Sufuria ya gundi ilikuwa juu ya jiko la umeme, ikitoa mapovu, na kile chumba kilinuka kama kwato zilizoungua. "Hiki nini, bhai?" akaniuliza. Nikamwambia ni kitabu cha sala, cha Wakristo, cha zamani. "Kina jina la Mungu ndani?" Nikasema karibu kila ukurasa. Akaweka kisu mezani. "Basi khalas. Mimi sikati." Madam alikuja, akamweleza kwamba si Kurani, kwamba hata si dini yake. "Madam," Rafiq akasema, "Mungu wa huyu ni mwingine?" Akaninyooshea kidevu. "Mimi nikate jina la Mungu, halafu niende kula chapati? Tumbo litaniuliza." Madam hakubishana. Alimhitaji Rafiq kwa viti. Akageuka kwangu, na akasema maneno ambayo nayasikia kila ninapofunua kasha kutafuta kidonge: "Wewe ulikaribia kuwa padri, habibi. Wewe utajua pa kukata."

Nami nilijua. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu zaidi, kwamba nilikuwa fundi. Unafungua jalada hadi lilale, unapitisha kisu kwenye bawaba ya ndani, taratibu, pale karatasi inapokutana na ngozi, na kuna mlio, si wa kupasuka, ni kama mtu anayevua soksi iliyolowa. Kisha upande wa pili. Kisha kifurushi cha kurasa kinatoka kizima mkononi, chepesi kuliko ulivyofikiri, uti wake wa uzi uko wazi, na gundi ya zamani inabomoka kama magamba. Nyuzi zilikuwa zimeoza. Nilipokiinua kilianza kumwagika. Rafiq alisimama mlangoni akanipa mgongo, si kwa hasira, bali kama mtu anavyompa mgongo mwenye kujisaidia. Nikapaka gundi. Nikaweka kijisanduku cha mwerezi ndani ya ngozi ya mfalme. Nikabana. Niliponawa, gundi ilibaki chini ya kucha, na mchana nilikula wali kwa mkono ule ule nikaisikia ladha yake. Rafiq alikuwa na haki: tumbo liliuliza. Mimi sikujibu.

Madam alichukua kurasa zenye picha, akasema ni nzuri kwa fremu. Zilizobaki akaniambia nitupe. Nilizikusanya kwenye mfuko wa supamaketi, ule mweupe wenye mishikio, na nikajisifu moyoni kwamba ninaokoa kitu. Ndivyo nilivyokuwa: naua, kisha najipongeza kwa kubeba maiti kwa heshima.

Ijumaa, baada ya misa, jumuiya ilijaa chumbani. Konso alikuwa amevaa kitenge cheusi cha kuazima. Nilimpa mfuko. Alichungulia ndani, akaingiza mkono, akatoa kurasa kama mtu anayetoa matumbo ya kuku, na nilimwona akitafuta jalada, akipapasa hadi chini, kwanza upande mmoja, kisha mwingine. "Kiko wapi?" Nikasema Madam aliamuru, nikasema mteja, nikasema sikuwa na la kufanya. Sikusema ni nani aliyekata. Konso alinitazama mikono. Kisha akasema, "Soma," akabonyeza simu.

Upande wa pili tulisikia upepo, watoto, na mlio wa spika inayopiga kelele. Kaka yake akasema, "Wako tayari, endelea." Nilikuwa nimezipanga kurasa usiku uliotangulia kwa kufuata namba, nikaona sala ya wafu inaanza, nikaridhika, sikuangalia inaishaje. Nikasoma. Na lazima nikiri kwamba nilisoma vizuri. Chumba kilitulia hadi nikasikia friji. Konso alinishikia simu mdomoni kwa mikono miwili, kama mtu anayemnywesha mtoto maji, macho yamefumbwa. Nikafika chini ya ukurasa, katikati ya sentensi, nikageuza, na ukurasa uliofuata haukuwapo. Ulikuwa ule wenye Lazaro upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa na nusu ya sala, na Madam alikuwa ameuchukua kwa fremu. Nilikuwa na karatasi mkononi inayohusu mambo mengine kabisa, na huko Kitui jeneza lilikuwa juu ya kamba, na watu wakisubiri.

Mtu mwaminifu angesimama. Mtu mwenye imani angeanza Baba Yetu kwa Kikamba. Mimi niliogopa kuonekana sijui. Nikafungua mdomo, na Kilatini pekee nilichokuwa nacho kichwani, kilichoingizwa kwa njaa ya miaka minne, mara tatu kwa siku, tumesimama nyuma ya viti na uji unapoa, kilikuwa sala ya kabla ya kula. Nikaisema. Nikamwomba Mungu, kwa sauti ya kaburi, abariki chakula hiki tunachokaribia kukila, wakati mwanamke mzee aliyemwachia Mungu kujua maana alikuwa anashushwa ardhini. Nikairudia ili ijaze nafasi. Kutoka Kitui, kupitia spika, watu mia wakaitikia Amina. Konso akafumbua macho. Yalikuwa yamejaa machozi na shukrani, na akanishika mkono ule wenye gundi, akaubusu.

Jumamosi nilitumwa kupeleka kasha. Nyumba ilikuwa imejaa mita zetu, kahawia na kijani, hakuna hata kitabu kimoja kilichoweza kufunguka. Mteja aliweka sigara, akafunga, akafungua, akacheka. Niliomba kujisaidia. Kwenye choo cha wageni, juu ya tangi la maji, ndani ya fremu ya dhahabu ambayo Madam alikuwa ameituma siku moja kabla, alikuwepo Lazaro, amevikwa sanda, anatoka kaburini akilitazama bakuli la choo. Nilitapika. Ningependa kusema ilikuwa dhamiri. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekula samaki wa Otieno. Lakini nilitapika, nikafuta ukingo kwa karatasi laini yenye harufu ya waridi, nikatoka nikamshukuru mwenye nyumba.

Kadi yangu haikuchapishwa. Miezi miwili baadaye mteja alirudisha kasha, akisema sigara zinanuka kanisa. Mkataba wangu ulipokwisha na nilipoamua kurudi nyumbani, Madam alinipa kasha lile kama kumbukumbu. Nililichukua. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni kwamba lilikuwa zuri. Kurasa zilibaki kwa Konso. Sikumwambia kamwe nilichosoma.

Jumamosi ya mazishi ya Konso niliendesha gari hadi Kitui, kasha limo kwenye mkoba. Njiani nilitunga hotuba. Ningewarudishia jalada, ngozi na kurasa zingekutana tena, ningesema neno kuhusu vitu vinavyorudi kwa wenyewe. Nilikuwa tayari nimeandika aya hiyo kichwani na nikaipenda. Binti yake, Mwende, mwalimu wa shule ya msingi, alinipokea kwenye hema. Ana sauti ya mama yake. "Wewe ndiye anko Fada? Mama alisema utakuja umekunja mikono." Nikaikunjua. Akanipa kitabu.

Kilikuwa zile kurasa. Konso alikuwa amezishona kwa uzi wa gunia, mshono mpana wa mtu anayejua magunia, kisha akakijalidi kitabu kwa karatasi ya kaki na nailoni juu, kama tulivyojalidi vitabu vyetu vya shule kila Januari, pembe zimekunjwa vizuri. Mbele alibandika lebo ya daftari. Jina: Konso. Shule: Dubai. Darasa hakuandika. Somo: Sala. Kurasa zilikuwa na matone ya mshumaa na alama za vidole. Binti aliniambia kwamba tangu mama yake arudi nyumbani kilikuwa kikiitwa kwenye kila msiba wa kijiji kile. Nilitoa kasha langu. Nikaanza hotuba. Mwende alilitazama taji, akalifungua, akaona vidonge vyangu ambavyo nilisahau kuvitoa, akalifunga na kunirudishia kwa heshima ya mtu anayerudisha bakuli la jirani. "Asante, anko," akasema. "Lakini hiki kina jalada."

Kisha wakaniita kwenye maikrofoni. Spika ilipiga kelele, jeneza likawa juu ya kamba. Nikafungua pale palipowekwa utepe, nikasoma, na mara hii sauti haikuwa ya redio kwa sababu ilikuwa inakatika. Nikafika chini ya ukurasa, katikati ya ile sentensi. Nikageuza. Palikuwa na karatasi ya daftari, yenye mistari ya bluu, imeshonwa mahali pa Lazaro. Juu yake, kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa mviringo: *Hapa Fada ataombea chakula.*

Nilinyanyua macho. Mwende alikuwa ananitazama. Baadaye aliniambia kwamba kaka yake Konso aliwahi kurekodi mazishi ya nyanya kwa video, na kwamba padri mmoja mzee, mmisionari aliyestaafu, aliitazama sebuleni kwao, akacheka hadi akavua miwani, kisha akaeleza. Konso hakucheka siku hiyo, wala wiki hiyo. Halafu akatafuta uzi. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Wakati ule nilikuwa na ukurasa wenye mstari mmoja tu na watu wakisubiri, na safari hii walikuwapo mbele yangu, si ndani ya simu. Nikavuta pumzi. Nikaombea chakula, mara mbili, polepole, bila kuruka neno. Wakaitikia Amina. Kamba zikalegezwa, na upande wa jikoni mtu akafunua sufuria.